Timu ya likizo: kisa cha klabu moja ya soka ya wanawake Nakuru

Kufikia katikati ya Juni, klabu hii ilikuwa imeshagawa pointi sita bila mpira kuguswa. Wenyeji wao wa Narok walipewa tatu za mezani, na majuma machache baadaye wenyeji wa Kericho wakapewa tatu nyingine. Kanuni za ligi waliyokuwa wakicheza hazikuwa na mafumbo: ukikosa kufika uwanjani mara ya tatu, unaondolewa. Zilibaki mechi sita, nne kati yake za ugenini. Kwenye jedwali hawakuwa wabaya. Walikuwa wa sita kati ya timu kumi, na waliowahi kuwaona wakicheza kikosi kizima walisema wangeweza hata kumaliza wa tatu. Kikosi kizima, lakini. Hapo ndipo kisa chote kilipo.

Jina la klabu naliacha, kwa ombi la wenyewe. Ni timu ya ridhaa, hakuna anayelipwa, awe mchezaji au kocha, na makao yake ni upande wa magharibi wa jiji la Nakuru, kati ya Kaptembwo na Rhonda. Hufanya mazoezi kwenye uwanja wa shule ya msingi ambao saa kumi na nusu jioni huwa na timu tatu juu yake: wavulana wadogo upande wa vyoo, wazee wa Jumapili wanaojinyoosha katikati, na wanawake hawa upande wenye mteremko. Kocha ni fundi wa umeme. Katibu anauza mitumba. Ni katibu aliyeniita nitazame hesabu, kwa kuwa nimeshika hesabu za timu nyingine za mtaa, na alinipokea kwa sentensi ambayo kila klabu ndogo nchini imeikariri: shida yetu ni mdhamini.

Sikuikubali moja kwa moja. Pesa zilikuwa chache, hilo halina ubishi. Lakini katibu alikuwa na madaftari mawili, moja la michango na jingine la mahudhurio, na sidhani kama yaliwahi kufunguliwa kwenye meza moja. Ukiyaweka sambamba, Aprili kwa Aprili, Mei kwa Mei, unaona michango iliporomoka baada ya mahudhurio kuporomoka, si kabla. Waliokuwa wakichanga hasa ni wazazi, shilingi hamsini hapa, mia pale, walipopita jioni kuwachukua mabinti zao. Binti akiondoka, mzazi naye hana la kupitia uwanjani. Timu hii ilikosa watu kwanza, nauli ikafuata.

Na watu walikwenda wapi? Walikwenda shule.

Ilivyozaliwa

Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya corona. Ukiacha madarasa machache yaliyorudi Oktoba, wanafunzi wengi hawakukanyaga darasani hadi Januari 2021. Masharti ya kukusanyika yalipoanza kulegea, kocha, ambaye wakati huo alikuwa akiwanoa wavulana tu, akawa anawakuta wasichana pembeni ya uwanja saa ile ile kila jioni. Akawapa mpira mmoja mkuukuu. Haukupita muda akalazimika kuwagawa vikosi viwili. Kina mama wa ploti za karibu walimshukuru waziwazi, maana msichana aliye uwanjani saa kumi na moja, mamake anajua alipo.

Hivyo klabu ikapata kwa mkupuo mmoja wachezaji zaidi ya 20 wa miaka 13 hadi 16, waliozoeana, wenye pumzi, na wenye muda. Misimu ya kwanza ilikuwa tamu. Ligi ya kaunti ilichezwa karibu karibu, Njoro, Molo, Gilgil, na wasichana wengi walikuwa bado shule za msingi za mtaani au sekondari za kutwa. Wakapanda ngazi. Picha ya siku waliyopanda bado imebandikwa kwenye kibanda cha katibu, na ukiitazama unaona kikosi cha watoto wakiwa wamemzunguka nahodha mmoja mtu mzima.

Kisha matokeo ya darasa la nane yakaanza kufanya kazi yake. Aliyefaulu aliitwa shule ya bweni: huyu Subukia, huyu Nyahururu, huyu Kericho. Kila kidato cha kwanza kilipoanza timu ilipoteza watatu, wanne, wakarudi likizo, wakaondoka tena, wakarudi likizo nyingine. Kila mwalimu wa darasa angefurahi kuona orodha ile. Kwa kocha ilikuwa balaa, ingawa hakuwahi kulitamka mbele ya wazazi, na alifanya vyema kutolitamka.

Ubaya wa kalenda ni kwamba muhula wa pili, unaoanza mwishoni mwa Aprili na kwenda hadi Agosti, ndio muhula wa mpira wa miguu katika michezo ya shule za sekondari. Kwa hiyo mwezi wa Juni, ligi inapochemka, msichana wa klabu hii anacheza mpira sana, ila anamchezea mkuu wa shule. Hata kumwombea ruhusa ya Jumamosi moja ni kumwomba mwalimu wa michezo akupe mchezaji wake katikati ya mashindano yake. Kocha alijaribu shule mbili. Moja ilimjibu kwa adabu, nyingine haikumjibu.

Msomaji asinielewe vibaya, shule si adui hapa. Mwaka 2024 Junior Starlets, timu ya wasichana chini ya miaka 17, iliitoa Burundi kwa jumla ya mabao 5-0 na kuwa timu ya kwanza ya Kenya, ya kiume au ya kike, kufuzu kwa Kombe lolote la Dunia la FIFA. Huko Jamhuri ya Dominika walichapwa na Uingereza na Korea Kaskazini, kisha wakaifunga Mexico 2-1. Wachezaji wengi wa kikosi kile walitoka mabenchi ya shule, na shule za magharibi kama Butere Girls ndizo zilizokuwa zikitajwa kila siku. Mfumo wa shule unafanya kazi. Unachofanya kwa klabu ya mtaa ni kuichukulia wachezaji msimu unapokuwa moto na kuirudishia wakati wa likizo. Kama klabu haikujipanga kwa hilo, ni timu ya likizo tu, hata ikipanda ngazi.

Mechi mbili zilizopotea

Asubuhi ya mechi ya Narok, stejini walifika wachezaji tisa. Basi dogo la viti 33 lilikuwa limeshawekewa amana. Kocha, nahodha na katibu walisimama kando ya gari wakahesabu. Tukienda tisa tutafungwa kumi. Tukibaki, tutapoteza pointi zile zile tatu, na tutaokoa salio la gari. Wakawarudisha watu makwao.

Kwa hesabu ya siku ile walikuwa sawa kabisa. Kwa hesabu ya msimu, ndiyo siku waliyojikata. Sheria ya 3 ya mchezo inasema mechi haianzi iwapo upande wowote una wachezaji chini ya saba. Tisa wanatosha. Wangefungwa hata kumi na mbili, kwa timu ya katikati ya jedwali tofauti ya mabao ni pambo tu. Kutofika ndiko kunakohesabiwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kocha aliijua sheria ya wachezaji saba, na aliijua kanuni ya mara tatu. Hazikuwahi kukutana kichwani mwake kwa wakati mmoja, na siyo yeye peke yake. Nimeona timu za wanaume zenye makatibu wawili na mwenyekiti wa heshima zikifanya hesabu hiyo hiyo ya stejini.

Mechi ya Kericho ilikuwa tofauti. Wachezaji 13 walikuwa tayari, baadhi wakiwa wameomba ruhusa kazini. Pesa ndizo hazikuwepo, na nilipofuatilia zilikokwenda nilikuta zimeliwa na mechi ya nyumbani ya wiki iliyotangulia. Watu hudhani mechi ya nyumbani ni rahisi kwa kuwa hakuna gari la kukodi. Kwenye ligi za chini mwenyeji ndiye hubeba mzigo: marefa, ambulensi, chokaa ya mistari, maji, vijana wa kulinda lango. Uwanja wa shule hauna uzio, kwa hiyo nao walikodi mwingine. Siku ile iliwagharimu zaidi ya Sh17,000. Safari ya Kericho ingewagharimu Sh15,000. Zote zilikuwa zikitoka kwenye pochi moja, na anayedai akiwa amesimama mbele yako, na dereva wa ambulensi husimama mbele yako kweli, hulipwa kabla ya safari ambayo bado haijafika.

Na wakati huo huo, kwenye sanduku la katibu kulikuwa na seti tatu za jezi. Tatu! Moja ya mwanasiasa wa wadi, jina lake mgongoni kubwa kuliko namba. Moja ya aliyetaka kumng'oa. Ya tatu ya duka la simu ambalo siku hizi limefungwa. Jezi hutolewa kwa sababu jezi hupigwa picha. Sijawahi kuona mheshimiwa akipiga picha na risiti ya mafuta ya gari. Juu ya yote, seti mbili zilikuja na kaptula nyeupe, ambazo wachezaji watu wazima walikuwa wakizikataa kimyakimya tangu zifike: mmoja husingizia imembana, mwingine kuwa yake imechanika. Hakuna mwanaume kwenye kamati aliyekuwa amejiuliza sababu. Hata timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza ilibadili kaptula nyeupe kuwa za buluu mwaka 2023 baada ya wachezaji kusema wazi kwamba siku za hedhi zinawatia wasiwasi uwanjani. Hapa Nakuru ilitosha nahodha kumwambia katibu, ambaye ni mwanamke, naye akanunua kaptula nyeusi za mitumba siku hiyo hiyo, kwa bei ya rafiki.

Wanaobaki

Nilimwomba katibu anisomee kwenye daftari la mahudhurio majina ambayo hayakukosa hata wiki moja tangu Aprili hadi Juni. Yalikuwa matano. Nahodha, miaka 28, msusi, mtoto mmoja. Kipa wa akiba anayeuza chapati na maharagwe. Beki anayefanya vibarua vya kufua. Wengine wawili wa soko la Wakulima. Hakuna hata mmoja aliyekuwa chini ya miaka 22. Katika mazungumzo ya kamati walikuwa wakiitwa "wale kina mama", na kocha aliwatumia kama viraka: likizo ikifika, wanakaa benchi, shule zikifunguliwa, wanaitwa.

Rai yangu ilikuwa fupi. Geuzeni. Wale watano wawe ndio timu, tafuteni wengine kama wao hata kumi, na wanafunzi wawe ndio wanaoongezwa likizo inapofika.

Kocha hakufurahi. "Kwa heshima zote, hawa wataachwa na mpira. Kasi hawana."

Nahodha alikuwa ameketi juu ya mpira, akimfunga mtoto kamba za kiatu. Hakuinua kichwa. "Sawa kocha. Jumanne ulikuwa na nani uwanjani?"

Jumanne alikuwa na yeye na wenzake wanne, na mvua.

Kuwapata wengine hakukuhitaji tangazo. Kila ploti ina mwanamke aliyewahi kuvaa jezi ya shule na kufika mashindano ya kaunti, na jirani zake wanamjua. Nahodha na yule wa chapati walizunguka wenyewe. Walirudi na wanane, na pamoja nao sababu za kuacha mpira, ambazo zilifanana mno: mimba, kisha kazi, kisha mume aliyeuliza nani atapika, kisha aibu ya kuvaa kaptula mbele ya watu wanaokujua kama mama fulani. Mmoja alikuwa kiungo wa shule moja kubwa ya Trans Nzoia na hakuwa amegusa mpira tangu mtoto wake wa kwanza, ambaye sasa yuko darasa la tano. Siku ya kwanza alipiga pasi tatu, akaketi chini, akacheka hadi akatoa machozi. Pasi zote tatu zilifika.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa kuwa kila kitu cha klabu kilikuwa kimepangwa kwa kipimo cha mtoto asiye na kazi. Mazoezi ya siku nne kwa wiki hayawezekani kwa mtu anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga. Yakawa mawili, Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja kamili hadi saa kumi na mbili kamili, na anayechelewa anakuta wenzake wameshaanza. Jumamosi nayo ilikuwa na kisu chake. Kwa msusi, Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Kwa wa sokoni, vivyo hivyo. Mechi ya Jumamosi ugenini inamlipisha mara mbili, mchango wa nauli na mapato ya siku bora ya wiki, na mteja aliyekukosa mara mbili huhamia kwa mwingine. Katibu akawaandikia wapinzani waliobaki akiomba mechi zihamishwe hadi Jumapili saa tisa, baada ya kanisa. Alitarajia kukataliwa. Timu nne kati ya sita zilikubali haraka, na mbili kati yao zikasema zilikuwa zikitamani kuomba hivyo hivyo. Kumbe kila klabu ilikuwa ikiteseka peke yake na shida ya wote.

Watoto walipata mlezi: nyanya wa mmoja wa mabeki, ambaye watu wote humwita shosho, alikubali kukaa nao kando ya uwanja kwa shilingi hamsini kwa mtoto, na chai. Katika mechi ya Naivasha mapumziko yalipofika, kiungo wa kati alikwenda moja kwa moja chini ya mgunga, akapakata mtoto na kumnyonyesha akiwa ameipa timu mgongo. Kocha alianza kutoa maelekezo, akasita, kisha akaendelea kwa sauti ya juu zaidi ili yamfikie. Mpinzani wao mmoja alipoona hivyo alikwenda kumchukua wa kwake kwenye gari.

Pesa ziligeuka sura zenyewe. Kina mama hawa wote wako kwenye vyama vya kuchangiana pesa, wengine viwiliviwili, na walipoona jinsi kamati ilivyokuwa ikishika fedha walishtuka. Wakaunda chama ndani ya timu. Kila Jumanne Sh100 kwa mwenye kazi, mwanafunzi hachangi. Pochi mbili, moja ya nyumbani na moja ya nauli, na ya nauli haiguswi mpaka iwe na ya safari mbili zijazo. Ukichelewa kulipa, faini Sh20. Mweka hazina ni yule wa chapati, na mwenyekiti wa klabu, mzee anayeheshimika mtaani, alitozwa faini wiki ya pili akailipa. Ukiniuliza, kanuni za chama kile zilikuwa kali kuliko za ligi.

Ukilinganisha na walio juu

Kuna wanaosema mambo haya ni ya timu ndogo, kwamba ukishapanda juu yanakwisha. Tazama Vihiga Queens ya Mbale, magharibi mwa Kenya. Ilikuwa bingwa wa ligi kuu 2017, 2018 na 2019. Septemba 2021 iliifunga Commercial Bank of Ethiopia kwenye fainali ya kanda ya CECAFA, yaani Afrika Mashariki na Kati, jijini Nairobi, ikaenda Cairo mwezi Novemba kwa Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika, ya kwanza kabisa kufanyika, ambayo Mamelodi Sundowns walitwaa. Mashindano yakiwa bado yanaendelea kule, tarehe 11 Novemba, waziri wa michezo alilivunja shirikisho la soka la Kenya, FKF. Februari 2022 FIFA ikaisimamisha Kenya, na mwezi Agosti timu za kanda zilipokutana Tanzania, bingwa mtetezi hakuwepo. Simba Queens wakaondoka na kombe. Marufuku yaliondolewa Novemba, michuano ya bara ikiwa imeshamalizika. Kalenda iliyochorwa mahali pengine, na watu ambao hujawahi kukutana nao, huipiga hata timu bora.

Na Kenya Police Bullets, waliotwaa ligi ya 2023-24 na kisha kombe la CECAFA 2024, wana kitu ambacho timu ya Kaptembwo haitakuwa nacho: nyuma yao kuna mwajiri. Mchezaji anayejua mwisho wa mwezi una mshahara hahesabu wateja wa Jumamosi. Sina kinyongo na hilo, ni jambo zuri kwa mchezo. Linaeleza tu kwa nini mtu akija na ushauri wa "igeni wale wa juu" namsikiliza kwa sikio moja.

Binti wa mabao

Kulikuwa na shauri lingine lililokuwa likiichoma kamati chini kwa chini. Mshambuliaji wao bora, mwanafunzi, alipewa nafasi katika shule moja ya bweni ya magharibi yenye jina kubwa kwenye soka, karo ikiwa imepunguzwa. Mamake alitaka, ila alikuwa na hofu kwamba kocha atakataa kumwachilia, au atadai pesa. Kocha naye alikuwa akiamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba klabu iliyomlea mchezaji hulipwa fidia siku akiuzwa.

Kwa wanaume ndiyo, kwa masharti yake. Kwa wanawake, kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema wazi kwamba fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake. Kinachobaki ni mchango wa mshikamano: mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi hadi nchi kwa ada, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, asilimia 0.25 kwa kila mwaka hadi wa 15, kisha 0.5 kwa kila mwaka unaofuata. Mara nyingi ni ndoto, maana wachezaji wetu wengi huondoka mikataba ikiwa imeisha, bila ada yoyote. Lakini ndoto hizo zimeanza kuwa na namba. Februari 2024 Racheal Kundananji wa Zambia alinunuliwa na Bay FC ya Marekani kutoka Madrid CFF kwa ada iliyotajwa kuwa euro 735,000. Klabu iliyokuwa naye miaka mitatu kuanzia 16 ingestahili asilimia 1.5, yaani zaidi ya euro 11,000. Kwa timu hii hiyo ni nauli ya misimu na misimu.

Sharti ni moja: jina la klabu liwe kwenye pasipoti yake ya uchezaji, yaani rekodi ya klabu alizosajiliwa, na pasipoti hiyo hutokana na usajili rasmi kwenye mfumo wa shirikisho. Nilipouliza, wachezaji saba wa timu hii walikuwa wamecheza msimu mzima uliopita kwa kadi zilizoandikwa kwa mkono, hawakuwahi kuingizwa popote. Binti wa mabao alikuwa mmoja wao. Akasajiliwa wiki ile, kwa cheti cha kuzaliwa ambacho mamake alikitoa ndani ya Biblia, kisha akaachiliwa aende shule. Kocha alimwandikia barua ya ruhusa kwa mkono wake, mistari mitatu, na kumpa mamake bila kudai chochote.

Jentrix Shikangwa, aliyefunga mabao yote mawili Kenya ilipoilaza Tanzania 2-0 kwenye fainali ya CECAFA ya 2019 jijini Dar es Salaam, alipitia Vihiga Queens kabla ya kucheza Uturuki na Simba Queens. Kila hatua ya namna hiyo ina klabu iliyobaki nyuma ikiwa na karatasi, au isiyo nazo.

Mechi sita

Walizicheza zote. Naivasha walianza wakiwa kumi, wakapigwa 6-1, na bao lile moja lilishangiliwa kuliko mengi niliyowahi kuona. Nyumbani walitoka sare mbili. Ugenini Molo walishinda 1-0 kwa mpira wa kona uliomgonga beki wao begani, na hakuna aliyejali. Nyingine mbili walishindwa. Wakamaliza wa nane. Kocha bado anasema wangemaliza wa nne kama wanafunzi wangekuwepo, na huenda ni kweli, ila hawakuwepo.

Agosti shule zilipofungwa, wasichana walirudi uwanjani wakiwa wepesi, wamenolewa na michezo ya shule, na ugomvi mpya ukazaliwa. Walidhani nafasi zao zinawasubiri. Kina mama walikuwa na daftari. Kanuni wanayobishania sasa inasema atakayeanza mechi ni yule aliyehudhuria angalau mazoezi matatu kati ya manne yaliyotangulia, bila kujali umri wala mabao. Mechi ya kwanza ya kirafiki, binti wa mabao alianzia benchi, akaingia dakika ya 60, akafunga dakika ya 64. Mamake alimsubiri kocha langoni. Nahodha alisimama upande wa kanuni. Mimi niko upande wa nahodha kwa mechi za ligi, na upande wa mama kwa za kirafiki, na nimewaambia hivyo wote wawili.

Kamati inakutana Jumapili ijayo kuipigia kura. Ajenda nyingine ni ambulensi: zahanati moja ya binafsi mtaani imekubali kwa mdomo kutoa gari lake siku za mechi za nyumbani, iwapo itaruhusiwa kuweka meza ya kupima shinikizo la damu langoni. Katibu anangoja barua. Pochi ya nauli ina ya safari moja na nusu.